Shangazi na Wifi Yake

Wajawazito wa wadi ile walimwita Mama Pua. Kila aliyelazwa alikutana naye kwanza, mkunga mnene mwenye kijiti cha pamba mkononi. "Inua uso, mwanangu. Nagusa pua tu, siibi kitu." Mtu akicheka, yeye keshamaliza. Pamba ilipelekwa maabara kutafutwa bakteria ambao hukaa puani mwa watu wengi bila kuwadhuru, lakini wakiingia kwenye kidonda cha upasuaji au damu ya kichanga, huweza kuua.

Kabla upimaji huo haujaanza, wifi yake, mke wa kaka yake, alijifungulia wadini humo. Mtoto alizaliwa mzima, mwenye sauti nene. Halafu kitovu kikatoa usaha, mwili ukachemka, na juma halikuisha wakamzika. Mama Pua mwenyewe ndiye aliyekuwa amemkata kitovu. Tangu hapo, kichanga chochote kikilia kwa sauti nene, alisimama palepale alipo mpaka kinyamaze.

Sasa wifi alirudi na mimba nyingine, akalazwa kusubiri kuzaa kwa upasuaji. Mama Pua alimpima kama wengine. Majibu yalipotoka, alivuta kiti kando ya kitanda.

"Wifi, umekutwa na wale bakteria. Utapaka dawa puani, utaogea sabuni maalumu, ndipo upasuliwe. Usiwe na hofu."

Wifi aliweka kiganja tumboni. "Kumbe yule wa kwanza nilikuwa nambusu huku namuua."

"Usiseme hivyo."

"Nani mwingine, basi?"

Mkunga angeweza kunyamaza. "Upimaji ulipoanza, tulianza kupimwa sisi wafanyakazi. Na mimi nilikutwa nao. Huenda ni mimi, huenda ni wewe, huenda ni shuka. Hakuna atakayejua, wifi yangu."

Wifi akageukia ukutani. Hakumsemesha tena siku ile, ila dawa aliipaka.

Alizaa msichana, na kitovu kilikauka vizuri. Mawifi wale walipatana, wakarudia kutaniana jikoni kama zamani. Lakini mtoto sasa anatembea, na mama yake hajambusu usoni hata mara moja. Humbusu unyayo, tena baada ya kujifuta midomo. Na shangazi mtu, mtoto akimnyooshea mikono abebwe, hukimbilia kwanza kunawa. Mara nyingi akirudi, mikono ya mtoto imeshashuka.