Koti Lililomkaa Mdogo Wangu

Wiki moja kabla ya usajili wa jeshi, mdogo wangu wa mwisho aliniambia, "Dada, ukikataa siendi." Wazazi wetu walipokufa niliacha shule darasa la saba nikawalea wadogo zangu watatu, na hakuna kati yao aliyewahi kuniachia uamuzi mzito hivyo. Nilimwambia tu kwamba Jumamosi tutatoka Kangundo twende jumba la makumbusho ya kijeshi, nje kidogo ya mji wa Machakos, tuone hiyo kazi ni kazi gani.

Mizinga ilikuwa uani, imepakwa rangi mpya, midomo yote ikielekea langoni tulikoingilia. Mdogo wangu aliingiza mkono ndani ya mmoja mpaka kwenye kiwiko, akacheka. Nilimwambia autoe.

Mwanajeshi mstaafu aliyetutembeza alituonyesha sare za zamani. Nyingi zilikuwa nyuma ya vioo, lakini makoti machache yalitundikwa ukutani ili wageni wayavae wapige picha.

"Mwiitu, jaribu hii," alimwambia mdogo wangu, akimwita binti kwa Kikamba. "Wengi inawameza."

Halikummeza. Nimeshona nguo kiwandani Athi River kwa miaka mingi, na najua nguo isiyoshonewa mtu haimkai hivyo. Mabega yalilala sawa, mikono ikakoma pale pale kwenye vifundo.

"Eh! Ni kama ulipimwa," mzee alisema.

"Afande wa nyumbani, nipige picha!" mdogo wangu aliniita, kifua mbele.

Nilisogea kumfunga vifungo kwanza. Vidole vyangu vilijua kabla ya macho. Kando ya kila kifungo, upana wa vidole vitatu, palikuwa na matundu madogo ya sindano, mahali vifungo vya awali viliposhonwa. Chini ya kwapa la kushoto kulikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa mkono, haraka haraka, kwa uzi wa rangi nyingine. Koti hili lilikuwa la mtu mpana kifuani. Lilitobolewa, likazibwa, kisha likapunguzwa ili livaliwe na mwingine mwembamba.

"Mzee, mwenyewe wa kwanza alienda wapi?"

Alikitazama kiraka. "Wakati huo makoti hayakuwa mengi," alisema.

Nilimwonyesha mdogo wangu matundu, moja baada ya jingine, nikamweleza yote. Aliyapapasa kwa kidole. Nilidhani atalivua.

"Sasa unasema aje, dada?"

"Umeona?"

"Nimeona. Bado nataka."

Neno la kukataa lilikuwa mdomoni mwangu. Lakini mimi ndiye niliyemleta aone, na sasa alikuwa ameona.

"Basi nenda," nilisema.

Alinikumbatia akiwa bado amelivaa. Lilinuka vumbi na dawa ya kufukuza nondo. Nilipoinua macho, mzee alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili, kama watu wanavyosimama matangani.