Ndege, Lori na Mkokoteni

Mhudumu wa chuo chetu hapa Dodoma bado anamwagia sakafu maji kabla ya kufagia, na harufu ile ya vumbi lililolowa ikinifikia tu, narudi darasa la tatu, Kongwa. Niko miguu peku, midomo imepasuka kwa upepo wa kiangazi, nimekaa benchi la Ndege.

Msinicheke. Mwalimu wetu wa hesabu aligawa darasa makundi matatu: mbele Ndege, katikati Lori, nyuma kabisa Mkokoteni. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba imejaa mnadani, malori ya mahindi hayaishi barabara ya Kibaigwa, na sisi watoto tuliona kuitwa Lori si haba. Aibu ilikuwa Mkokoteni.

Alitugawa siku ya kwanza, kwa swali moja tu: simama, taja jina lako na unakotoka. Mimi, mtoto wa karani, mwenye redio nyumbani, nilitiririka. Matika, jirani yetu wa Kigogo, alisimama akatazama vidole vya miguu yake. Kwao mtoto hamkodolei macho mkubwa wala hakurupuki kumjibu.

"Huyu mzito," mwalimu akasema. "Mkokoteni!"

Mzito! Matika aliyekuwa akihesabu mbuzi wa baba yake huku wanatembea, na asikosee hata mmoja! Baba huyo naye alishasema kwamba kama binti yake ni wa Mkokoteni, basi arudi nyumbani akachunge.

Likaja jaribio la kugawanya. Atakayepata yote kumi angehamia mbele. Kazi ya sisi Ndege ilikuwa kukusanya madaftari ya Mkokoteni na kuyapeleka ofisini, na siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nyuma ya choo nilifungua daftari la Matika na langu, nikafuta majibu yangu manne, nikaandika yake.

Kesho yake tukawa wawili wenye kumi.

"Matika, umeangalizia kwa nani?"

Akatazama vidole vya miguu yake.

"Mnaona? Asiye na hatia angenitazama usoni." Akamwekea mikasi kumi ya kukosa, kwa wino mwekundu. Mimi nikapokea daftari langu lenye vema kumi. Likizo ilipokwisha, Matika hakurudi shuleni.

Leo nafundisha walimu watarajiwa sosholojia ya elimu. Naeleza jinsi mwalimu anavyompachika mtoto jina, kisha akamtendea kama jina lilivyo, mpaka likawa kweli. Wanachuo huomba mfano, nami huwapa Matika, na adabu ya kwao iliyogeuzwa hatia. Husikitika sana, wakamlaani mwalimu yule. Habari ya nyuma ya choo siwaambii. Naona haya mpaka leo.

Nilidhani kwa miaka mingi kwamba jina lililofanya kazi ni Mkokoteni peke yake. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba Ndege nalo lilifanya yake: mwalimu hakuniuliza hata neno moja, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nilijua hataniuliza.