Je, nguo za matanga zikatazwe kwenye arusi ya binti yangu?

Jana Ijumaa, mwenyekiti wa kamati ya arusi ya binti yangu alisema kwamba mwaliko umekamilika, isipokuwa mstari mmoja wa mavazi. Alinigeukia mbele ya kamati nzima: "Mama, ule mustari iko mu mikono yako. Tunauacha ao tunautosha?" Nikamwomba siku mbili za kuamua kama utolewe.

Admin, nisitiri jina langu na mtaa wangu. Nina miaka arobaini na tisa, ni mjane, nauza vitenge sokoni Kasongo. Anayeolewa ni binti yangu wa kwanza. Mstari wenyewe unasema hivi: "Wageni wote wavae kitenge cha arusi. Nguo za matanga haziruhusiwi." Niliuandika mwenyewe, kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Mtu huyo ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, mkaaji wa Salamabila.

Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Nilivaa nyeusi kama inavyotakiwa kwetu: mwaka mzima, mpaka familia ya mume ikae na kukuvua. Mwezi wa tano wa matanga yangu, wifi aliozesha mtoto wake wa kiume. Alinitumia kitenge cha arusi, kwa hiyo nilijua nimealikwa. Nilisafiri siku mbili kwa pikipiki, kitenge kikiwa ndani ya mfuko, mwilini nimevaa nyeusi.

Aliyenizuia mlangoni ni yeye mwenyewe, watu wakitazama.

"Wifi, unaingiya wapi na hizo nguo? Hapa ni arusi, hapana matanga."

"Mwaka haujaisha, wifi. Nitakaa nyuma."

"Ata nyuma. Bibi arusi asianze ndoa na kuona mujane. Vaa kitenge nilikutumia, ao rudia kwako."

Kurudi bila kuingia kungehesabiwa kuwa nimeikataa familia ya mume wangu. Basi nilienda kwa jirani yake, nikavua nyeusi, nikavaa kitenge. Nilikaa, nikala. Sikucheza. Walionipita na ngoma walinivuta mkono, na bado sikucheza.

Wiki tatu baadaye familia ilikaa kikao hapa Kasongo. Wifi alisimama. "Huyu mwanamuke alivua matanga ya ndugu yangu mbele ya mwaka kuisha, juu ya kucheza arusi. Amekwisha kuona bwana mwingine."

Nilimwambia: "Ni weye uliniambia nivue."

"Nilikuambia uvae kitenge," akajibu akicheka. "Nilikuambia ucheze?"

Kikao chote kilicheka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kweli nilicheza. Mwaka ulipotimia, walienda kijijini kwao Wamaza kutoa matanga ya mume wangu, yaani karamu ya kumaliza msiba, bila kuniita. Habari niliipata kwa mchuuzi mmoja wa baiskeli aliyepita huko. Alifikiri nilikuwepo. "Mama, tulikula mbuzi wa bwana yako. Alikuwa na mafuta!" Nilimuuzia kitenge chake, akaondoka. Hadi leo hakuna aliyenivua. Nilijivua mwenyewe, kwa jirani wa wifi, na ndivyo ninavyojulikana.

Mwaka huu bwana wa wifi amefariki. Sasa nyeusi iko mwilini mwake, na siku ya arusi ya binti yangu atakuwa katikati ya mwaka wake. Tarehe ilichaguliwa na upande wa kijana. Mimi niliikubali haraka kuliko walivyotegemea.

Tatizo ni kwamba kwetu shangazi ndiye anayemshika bibi arusi mkono na kumkabidhi kwa wakwe, na wifi ndiye shangazi pekee aliyebaki hai. Binti yangu anamtaka. Jumatano alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaacha mchi ndani ya kinu.

"Mama, ule mustari utafungia shangazi inje."

"Ndiyo kazi yake."

"Ule ni damu ya baba. Nani atanishika mukono?"

"Nitakushika miye."

"Mama hashikake mukono. Unajua. Basi ni arusi yangu, ao ni kesi yako?"

Aliushika tena mchi, akamaliza kutwanga.

Siku iliyofuata wifi alinitumia ujumbe wa sauti. Anasema atakuja, atakuja na nyeusi kwa sababu hana ruhusa ya kuivua, na kwamba nimpe kiti popote, hata karibu na jiko. Hakutaja mlango wake, wala kikao. Nimeusikiliza mara nne, na si kwa huruma.

Kitenge chake nimeshakikata na kukikunja, kimetengwa na vingine. Nataka asimame mbele ya wageni wote achague. Akirudi Salamabila, atakuwa ameacha mkono wa binti wa ndugu yake. Akivua, watu wa marehemu bwana wake wataita kikao, na safari hii atakayesimama kutoa ushahidi ni mimi. Nimeshapanga nitakachosema, na sitahitaji kuongeza uongo, kwa sababu nitakuwa nimemwona akivua.

Msiniandikie kwamba nisamehe, hilo nimeshaambiwa kanisani. Nawauliza hasa ninyi mliowahi kufungiwa mlango na watu wa mume. Niuache mstari, binti yangu atoke nyumbani bila shangazi? Au niutoe, nimwekee kiti mwanamke aliyeniharibia jina, nitabasamu huku anamshika mwanangu mkono? Nifanye lipi?

Jumatatu saa tatu asubuhi mwenyekiti anapeleka karatasi kwa mchapaji. Jumanne dereva wa pikipiki anaondoka na mialiko ya Salamabila.