Nani Atamtua Baba?

Mimi sina subira na uongo, hasa uongo wa picha. Mwaka mmoja au miwili baada ya uhuru, gari la sinema ya bure lilikuja Buxton, hapa Mombasa, tukatandika mikeka uwanjani baada ya magharibi. Kwenye kitambaa cheupe wakapita makuli wa bandarini, magunia vichwani, wanacheka kama waendao arusini. Sauti ikasema bandari yetu imejengwa kwa bidii na amani. Amani ipi, jamani? Kila mtu mzima pale uwanjani aliukumbuka mgomo mkubwa wa zamani, kisiwa kizima kilipotulia kimya na hakuna gunia lililoshuka melini.

Baba, aliyekuwa kuli tangu ujana wake, alisema neno moja tu: "Shingo zao hata hazikuzama chini ya magunia." Akakaza kikoi chake akaenda zake.

Nikaapa tutafanya mchezo wetu wenyewe wa kuigiza, juu ya mgomo ule. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina daftari na nina mdomo, na vijana wa ukumbi wa jamii walikuwa wakitafuta la kufanya. Mama akaja juu: binti wa Mji wa Kale hapandi jukwaani! Nikamwambia sipandi, nitakaa nyuma ya pazia na buibui langu, niamrishe tu.

"Kuamrisha kwako nakujua," akasema Mama. "Tangu uzaliwe."

Wagomaji nilipata tele, na kila mmoja alitaka kuwa kiongozi wao. Aliyekosekana ni mmoja: msaliti, yule anayerudi kazini wenzake wangali nje. Mombasa ukicheza mwizi Jumamosi, Jumatatu sokoni waitwa Mwizi, na wajukuu zako watarithi jina. "Mwalimu, nipe hata upunda," karani mmoja wa maghala ya Shimanzi akaniambia, "lakini hilo la usaliti, hapana, wallahi."

Nilipolalamika nyumbani wakati wa chakula, Baba akarudisha tonge sahanini.

"Nipe mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Naijua sehemu hiyo. Wenzangu walikuwa wangali wamegoma, mimi nikaingia getini. Mamako ajua. Mwingine hajui."

Yule msaliti nilikuwa nimemwandikia matusi yote niliyoyajua, na hapa ndiye anayekula wali mbele yangu. Nilimwonea haya, kisha nikamwonea huruma, kisha nikaogopa. Maana kila alasiri Baba alikaa barazani kwa muuza kahawa wa mtaa wetu, na muuza kahawa huyo alikuwa kuli mwenzake aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya mgomo ule ule, asirudishwe tena. Alikuwa na mtindo wake: humpa Baba kikombe cha mwisho, cha chini kabisa ya dele lake la kahawa, kimejaa mashapo. Watu wakicheka, "Mzee apenda kahawa ya kutafuna!" Baba akinywa. Ile baraza ndiyo iliyokuwa starehe yake duniani.

"Baba," nikamwambia, "ukiyasema haya mbele ya watu, alasiri utakaa wapi?"

"Sijui. Lakini kukaa pale hivi nako kumenichosha."

Kwenye mazoezi tukampa gunia la makumbi ya nazi, jepesi kama mto wa kulalia. Akalitupa. Akataka gunia la mahindi, la kweli, na karani wa Shimanzi akatuazima. Makuli walikuwa na sheria yao ambayo hakuna mwajiri aliyeiandika: mtu hajitwiki peke yake, wala hajitui peke yake. Hata kama mmegombana jana, mwenzako akisimama na mzigo kichwani akasema "Nitue," unakwenda kumshushia. Katika mchezo wangu msaliti anaomba kutuliwa na wagomaji wote wanampa mgongo. Nilikuwa nimejivunia sana onyesho hilo.

Siku ya mchezo, Jumamosi alasiri, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Benchi la mbele walikaa makuli wa zamani, na muuza kahawa kati yao, dele lake miguuni. Vijana wawili wakamtwika Baba nyuma ya pazia. Akatoka, na shingo yake, naam, ilizama.

Daftarini nilimwandikia aseme, "Nimerudi kwa ajili ya watoto wangu." Akasimama katikati ya jukwaa, akawaacha waigizaji, akawageukia watu.

"Nilirudi kwa sababu niliogopa," akasema. "Watoto nawasingizia tu. Ni mimi huyu, si mchezo. Nitueni."

Na wagomaji wangu, maskini, wakakumbuka mafunzo yao, wakampa mgongo.

"Mtueni, wajinga nyinyi!" nikanong'ona kwa ghadhabu.

Mmoja akanijibu kutoka jukwaani, mdomo upande, "Lakini mwalimu, wewe ndiwe uliyeandika tusimtue!"

Jasho lilimchuruzika Baba mpaka kidevuni. Magoti yakaanza kukunjika. Nilikwisha shika pazia nitoke, mila na iende zake, nilipoona mtu anapanda vidato vya jukwaa polepole, mkono kiunoni. Muuza kahawa. Akashika pembe ya gunia, akaita mwito wao wa zamani, "Haya, twende!" na pamoja wakalishusha, taratibu, bila kishindo.

"Nilikuona siku ile ukiingia getini," akamwambia, na ukumbi mzima ukasikia. "Miaka yote hii nangoja uniambie mwenyewe, we mtu! Mficha uchi hazai."

Baba akalia hadharani, na mimi nikalia ndani ya buibui. Watu wakapiga makofi sana. Wengi walidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa, na mpaka leo kuna wanaonisifu kwa onyesho lile, nami, Mungu anisamehe, hunyamaza.

Kesho yake alasiri nilichungulia dirishani. Baba alisita pembeni mwa baraza, hajui akae au apite. Muuza kahawa akamsogezea kiti, akatikisa vikombe vyake, akammiminia cha kwanza kabla ya watu wote. Baba akanywa, akachungulia ndani ya kikombe.

"Mashapo yangu yako wapi?"

"Leo hupati," akasema muuza kahawa, akammiminia tena.