Doa Jekundu Kwenye Skrubu

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akinunua rangi ya kucha kwenye kibanda cha vipodozi pale Kizota. Nyekundu tu, chupa ndogo ya bei rahisi. Dada muuzaji hakuwa anamwacha aondoke bila kumtania, anamuuliza safari hii anampelekea nani, na mzee anamjibu bila kucheka kwamba anapeleka kwenye skrubu. Yule dada alidhani ni mafumbo ya wazee.

Hayakuwa mafumbo. Katika karakana yetu, skrubu yoyote iliyoshika waya ndani ya kabati la umeme ilikazwa na mtu mmoja na kukaguliwa na mwingine. Mkaguzi anaushika waya, anauvuta kwa nguvu, na akiridhika anaweka doa la rangi, nusu juu ya kichwa cha skrubu na nusu juu ya chuma kinachoizunguka. Ikilegea siku moja, doa linakatika na jicho linaona. Aliyekaza haruhusiwi kupaka, hata kama ni fundi mkuu, kwa sababu, alisema mzee, mtu anaamini sana mikono yake mwenyewe. Mimi nilikaza, yeye akapaka. Ndivyo tulivyofanya kazi kwa mwaka mzima wa kwanza, na nakiri nilikuwa naona ni mbwembwe. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, mdomo mrefu, na sikupenda kuvutiwa nyaya zangu kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Kiwanda chetu kilikamua alizeti. Wanaokifahamu Kizota wanajua vumbi lake. La kwetu lilichanganyika na maganda ya mbegu na mafuta, likaganda kwenye kila kitu. Mitambo ilikuwa ikizungumza kwa mtandao: kipimajoto cha tungi la kupashia mbegu, mota za kusukuma, vali ya mvuke, na skrini aliyokaa mbele yake mama mmoja mwendesha mitambo. Nyaya zote zilikutana kwenye swichi moja ya mtandao, kisanduku kinachounganisha mawasiliano ya mashine, na hiyo swichi ilikuwa ya ofisini, ya plastiki, imelazwa juu ya kabati kama sahani iliyosahauliwa. Vumbi na joto viliichosha. Ikizimika, skrini inaganda, na yule mama anabaki anaangalia namba za dakika kumi zilizopita huku mbegu zinaendelea kuiva.

Hatimaye tukaletewa swichi ya kiwandani hasa. Ya chuma, nzito mkononi, haina feni ya kuvuta vumbi, inafungwa kwenye reli ndani ya kabati na mlango unafungwa. Nilitaka tuifunge siku ileile. Mzee akaichukua karatasi ya maelekezo, akaenda nayo nyumbani, akaisoma siku mbili. Aliporudi alikuwa na orodha. Nyaya za mtandao zisipite pamoja na nyaya za mota. Swichi iachiwe nafasi juu na chini ili ipumue, na mtu asiishike ikiwa kazini kwa sababu chuma chake kinapata moto. Umeme uzimwe kwanza, kufuli la mzee liwekwe kwenye swichi kuu, ufunguo ukae mfukoni mwake, na hata hapo mita ya umeme iulizwe kabla ya kidole kugusa. Na zaidi ya yote, waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaoipeleka radi ardhini badala ya kuiacha ipite ndani ya mashine.

Hilo la ethi lilimpa kazi, maana ulikuwa mwezi wa tisa na ardhi ya Dodoma mwezi wa tisa haipokei chochote. Alipima, mita ikakataa. Tukafukua shimo la fimbo ya shaba, tukaongeza mkaa na chumvi, kisha akanituma nimwage maji, ndoo nne kila asubuhi kwa wiki moja. Bomba lilikuwa la mgao wiki hiyo. Wafanyakazi wenzangu walinitazama nikimwaga maji ya kunywa shimoni, na wengine walisema mbele yangu kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa. Nilicheka nao kidogo. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kusahau vitu vidogo. Alitafuta miwani akiwa ameivaa, na mara mbili aliniita kwa jina la binti yake.

Siku ya kufunga swichi, msimamizi wa uzalishaji alisimama mlangoni tangu asubuhi. Malori ya mbegu yalikuwa nje yamepanga foleni, na kila baada ya dakika tano aliuliza tumefikia wapi. Mimi nilikaza, mzee akavuta na kupaka, moja baada ya nyingine, hadi ikabaki skrubu ya ethi peke yake. Ile haikuwa ya bisibisi. Ilitaka spana ndogo, na spana ndogo ilikuwa kwenye mfuko wa koti la mzee. Mzee akaitwa ofisini juu ya karatasi zake za kustaafu, akaondoka na koti lake, na ufunguo wa kufuli akaniachia.

Niliukaza waya wa ethi kwa vidole. Nilijiambia nitarudi na spana. Msimamizi akauliza tena tumefikia wapi, kwa sauti ile ya mtu anayekuhesabia pumzi, na damu ikanichemka, siyo kwa ajili yake tu, hata kwa ajili ya mzee na ndoo zake na doa lake. Nikachukua chupa ya rangi nikapaka. Nikafunga mlango, nikatoa kufuli, nikawasha. Taa za swichi zikawaka kijani zote na mama wa skrini akapiga makofi.

Mzee aliporudi alikuwa amenuna kwa mambo ya ofisini. Akauliza kama yote yako sawa, nikamwambia yako sawa. Hakufungua mlango. Kwa miezi mitatu sikurudi na spana. Siku za kwanza nilikumbuka nikiwa njiani kwenda nyumbani Miyuji, nikasema kesho. Baadaye sikukumbuka kabisa.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, na radi ikapiga karibu na mnara wa mbegu uani. Mlio wake niliusikia kifuani. Taa za swichi zikazimika zote kwa pamoja, skrini ikawa nyeusi, na vali ya mvuke ikabaki wazi palepale ilipokuwa. Mama mwendesha mitambo hakungoja fundi. Alikimbilia tungini kuifunga kwa mkono, kama alivyofundishwa, na mvuke ukamwunguza kutoka kiganjani hadi kiwiko. Alikaa hospitali wiki tatu. Mkono ulipona, ila ngozi yake ilibaki imejikunja, na hakurudi tena kwenye skrini.

Kampuni ikamleta injinia kutoka nje. Alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti. Alifungua kabati mbele yetu watatu, mzee, msimamizi na mimi, akaugusa waya wa ethi kwa kidole kimoja, ukatoka. Kisha akaweka tochi kwenye skrubu na kutuonyesha rangi. Ilikuwa nzima, haijakatika. Akaeleza kwamba skrubu haikulegea baadaye, bali haikukazwa tangu mwanzo, na aliyeipaka aliipaka hivyohivyo. Akauliza rangi hiyo ni ya nani.

Mzee alivaa miwani, akainama, akaitazama muda mrefu.

"Rangi ni yangu," akasema. "Anayepaka ni mimi."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Mkataba wangu wa kudumu ulikuwa mezani kwa meneja unasubiri sahihi. Siwezi kusema nilipigwa na butwaa, wala kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri sana. Niliogopa kumwaga unga, basi, na nikanyamaza. Dakika ile ilipopita nikaanza kuiogopa dakika yenyewe, kwa sababu sasa nilikuwa na makosa mawili, na la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Jioni hiyo tulikuwa wawili karakana, tunapanga vifaa. Mzee alikuwa ameshika bisibisi muda mrefu bila kuiweka mahali pake. Akaniuliza, na hakuniuliza kama bosi, aliniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu, hivi ule waya niliuvuta?"

Nikamwambia, "Sikumbuki, mzee."

Hilo ndilo jambo ninalojichukia kwalo. Ukimya wa mbele ya injinia ningeweza kuusamehe, ulikuwa woga. Lakini pale hakukuwa na meneja wala mkataba. Alikuwa mzee peke yake, anaomba msaada wa kumbukumbu, na mimi nikamsukumia gizani. Alitikisa kichwa taratibu na kusema hata yeye hakumbuki. Alikumbuka kuitwa ofisini, lakini akili yake ilikuwa imeshapanga kwamba alipaka kwanza ndipo akaondoka. Isingewezekana vinginevyo, alisema, maana rangi ipo.

Hawakumfukuza. Barua ya onyo tu, na alikuwa amebakiza miezi michache. Alijifukuza mwenyewe. Alianza kukagua kazi mara tatu, halafu tano, halafu akawa anarudi kutoka getini kuhakikisha kabati alilolifunga limefungwa. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya paneli iliyozimwa, mita mkononi, hawezi kuisogeza. Akaandika barua ya kuondoka kabla ya muda. Vifaa vyake akaniachia mimi, na mimi nikavipokea. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa yule mama aliyeungua, amebeba sukari, akamwomba radhi. Mama alimsamehe, na aliniambia mwenyewe kwamba alimsamehe kwa moyo mmoja, yule mzee wa watu. Nikamwitikia.

Mkataba wangu ulisainiwa. Sasa mimi ndiye fundi mkuu.

Ilinichukua miaka miwili kwenda Ihumwa, nyumbani kwa mzee. Nilikuwa nimesikia kwamba mzee haendi popote, hagusi chochote, lakini nilijikaza kisabuni na kujiambia ni uzee. Kisha tukaletewa swichi nyingine, ya jengo jipya, na nilipofungua boksi na kuiona karatasi ya maelekezo imekunjwa vilevile, nikashindwa kuendelea. Jumamosi iliyofuata nikapanda bodaboda.

Mkewe alinipokea. Nikamwamkia, akaniwekea kiti, akaniambia ugeni wangu umekuja wakati mzuri kwa sababu mzee leo yuko macho. Sebuleni taa ilikuwa imeungua. Akaeleza, bila malalamiko, kwamba wanamngoja kijana wa jirani aje kuibadilisha, kwa kuwa mzee haiwezi. Mtu aliyefunga umeme wa nusu ya viwanda vya Kizota alikuwa amekaa kwenye giza la mchana, anangoja mtu wa kumbadilishia balbu.

Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba na kunitambua mara moja. Aliniuliza habari za kazi. Nikapiga moyo konde nikamwambia yote, mkewe akiwa palepale. Nilimwambia habari za msimamizi mlangoni, vidole vyangu, chupa ya rangi, na kwamba wakati ninapaka yeye alikuwa ofisini. Nikamwambia kwamba jioni ile nilikumbuka kila kitu na nikasema sikumbuki. Nililia, sikuona aibu kulia. Nikamwambia akili yake haikumwangusha hata siku moja, ni mimi niliyeichafua.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akanyoosha mkono akaushika wangu.

"Umetoka Miyuji mpaka huku kuja kulibeba kosa langu," akasema. "Mungu akubariki, mwanangu."

Nikamwambia hapana, mzee, siyo kulibeba, ni langu. Nikamkumbusha spana, kwamba ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, kwamba bila spana nisingeweza kuikaza. Alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la fahari, lile alilokuwa akinipa nilipofanya kazi safi.

"Hata la spana amelifikiria," akamwambia mkewe. "Nilikwambia huyu mtoto ana roho nzuri."

Mkewe alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga. Nikamgeukia yeye, nikamwambia mama, ni kweli, naapa. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kwa upole wa mtu anayembembeleza mgonjwa, na akaenda kuandaa chai. Nilijaribu mara ya tatu. Nikataja mambo ambayo ni mimi tu ningeyajua, na kila nililolitaja likawa kwake ushahidi wa jinsi nilivyompenda. Nilikuwa nimechelewa sana. Alikuwa ameishi na kosa lile miaka miwili, amelizoea, amelizeekea, na ukweli haukuwa tena na mahali pa kukaa ndani yake.

Tulikunywa chai. Alipokuwa ananisindikiza hadi uani, akasimama, akanitazama kwa wasiwasi, akapunguza sauti ili mkewe asisikie.

"Ila haya uliyoniambia usiende kuyasema kiwandani," akasema. "Wale watakuamini. Watakufukuza kazi bure."

Akasubiri jibu. Nikamwahidi sitasema, na mpaka leo sijasema.