Kipande Alichokikataa

Tulikuwa wachache katika chumba cha kupanga huko Mapendo, mtaa wa mji wetu, tukitengeneza programu ya simu ya kutafuta watoto waliopotea watu walipoukimbia mlima wa volkano uliolipuka. Volkano ilikuwa imeshatulia, lakini watoto wengine walikuwa hawajarudi kwao.

Kazi tuliikatakata vipande vidogo. Mimi ndiye niliyeviandika: nani anahitaji nini, atafanya nini, na simu imwonyeshe nini. Wenzangu wakishavitengeneza, vilikwenda na maelezo hayo kwa mama mmoja wa Ndosho, mtaa mwingine, aliyejaribu kila kipande kabla ya kukiruhusu kitoke. Hakupenda maneno mengi.

"Papa, hapa umeweka mambo tatu," aliniambia mara nyingi. "Moja ikiharibika, nitasema nini? Gawanya."

Nami niligawanya.

Asubuhi moja nikampa kipande chepesi: mzazi anaandika jina la mtoto, lisipoonekana, simu ijibu "Hakuna". Nilidhani atakimaliza kabla chai yake haijapoa. Alikaa nacho muda mrefu, kisha akaisukuma simu mezani.

"Hii haitapita."

"Kwa nini, mama? Kwani haifanyi ile niliandika?"

"Inafanya. Niliandika jina ya mutoto wangu."

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Binti yake alimponyoka mkononi kwenye msongamano wa njia ya kwenda Sake siku ile ya kukimbia, na tangu hapo hajaonekana. Alikuwa amekaa nasi miezi yote hiyo akijaribu vipande vyangu.

"Mama akisoma 'Hakuna', atafikiri mutoto amekufa," alisema. "Andika: tungali tunamutafuta."

Nilifuta neno langu, nikaandika lake. Alijaribu tena, akaitika kwa kichwa, akatoka nje kunawa uso.

Programu ile haikumfikia hata mzazi mmoja. Waasi walikaribia mji, waliokuwa wakitulipa wakaondoka, chumba kikafungwa. Nilipokwisha kufunga mizigo kwenda mji wa Butembo na familia yangu, nilipita kwake kumsihi twende pamoja.

"Nikienda, mutoto atanikuta wapi?" aliniuliza.

Nilimwachia mchele na mafuta, nikaondoka.

Yuko Ndosho hadi leo, na binti hajarudi. Tukipigiana simu huniulizia watoto wangu mmoja mmoja: huyu anasoma, yule amepona malaria? Nami hujibu kwa kifupi, kwa sauti ya chini, nikiona haya kwamba wote wako nyumbani.