Maombi ya Kumsema Fundi

Pale chumba cha kufulia hospitalini tulimwita msimamizi wetu Mzee Amina, kwa zile Amina za maombi yake, ingawa uzee wenyewe hana. Ni baba wa makamo, na kanisani kwake ni mzee wa kanisa. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, anatukusanya kwenye meza ya kukunjia shuka, tunainamisha vichwa, anaomba. Na akianza, ameanza. Mimi wa pasi nilikuwa nachomeka pasi yangu mapema, akifika kwenye Amina imeshapata moto.

Lakini simvunjii heshima, maana ndiye aliyetunyoosha. Kabla yake tulikuwa watu wa ovyo. Sabuni ya kazini ilihamia majumbani kwetu kama ina miguu. Zile shuka za wodini zenye damu na choo tulikuwa tunatupiana mpaka tunagombana. Alipopewa usimamizi hakutuhubiria. Alivaa glavu akaanza kuzisuuza mwenyewe, huku anaimba kwa ile sauti yake mbovu. Sasa bosi wako ameinamia uchafu na wewe umeshika kiuno, utafanyaje? Tukaanza kumsaidia mmoja mmoja, na sabuni ikazoea kukaa kabatini bila kufuli.

Tatizo lake moja: hawezi kumkemea mtu uso kwa uso. Mpole kupita kiasi. Basi makemeo akawa anayapitishia kwenye maombi. "Ee Bwana, wasaidie wanaosahau kufunga bomba." Sisi macho tumefumba, viwiko vinagusana, tunajua leo ni zamu ya nani. Tukacheka tu. Na mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Fundi wetu, yule anayeshona shuka zilizochanika, ni mama asiye na maneno mengi. Akaanza kuchelewa. Anaingia anahema, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, anakwenda moja kwa moja kwenye cherehani. Hakusema sababu, na sisi hatukumuuliza. Tuliulizana wenyewe na majibu tukajipa wenyewe.

Asubuhi moja aliingia katikati ya maombi. Mzee Amina akasikia mlango. "Baba," akasema, "mguse dada yetu fundi. Mwondolee roho ya uvivu. Mkumbushe kwamba akilala yeye, wenzake ndio wanaobeba mzigo." Nasi kwa sauti moja: Amina. Yangu nadhani ilisikika mpaka nje.

Tulipofumbua macho, Fundi alikuwa anavua aproni. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani, akatoka. Hata mlango hakuubamiza.

Shuka zikarundikana. Mzee Amina akanituma nikamwite, kwa sababu ofisi ikijua ameacha kazi, mwingine atawekwa mara moja, na kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa inamlisha. "Mwambie tunamwombea," akaongeza. Nilimkuta uani kwake anafua. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie asiniombee tena," akasema. "Nimechoka kuombewa." Mara mama yake akaita kutoka ndani, Fundi akaingia mbio, nami pale mlangoni nikaona. Bibi wa watu yuko kitandani, upande mmoja umepooza, na ile harufu sisi wa kufua tunaijua. Kumbe kabla hajafika kwetu alikuwa ameshafua nyumbani.

Nilirudi nikamweleza Mzee Amina. Uso ukamshuka. Akakaa juu ya furushi la shuka chafu na wala hakuona amekalia nini. "Kumwita pembeni nikamuuliza kungenigharimu nini?" akasema. Nilitaka kumwambia kwamba Amina tuliisema wote, ila nikaenda kuchomeka pasi yangu. Jioni tukaenda pamoja. Njia nzima hakuomba wala hakuimba.

Fundi alitufungulia bila tabasamu. Mzee Amina hajasema neno, sauti ikatoka kitandani: "Nani huyo, mwanangu?"

"Msimamizi wetu, mama. Yule baba wa kazini."

Bibi akanyoosha mkono wake mzima akipapasa, maana na macho yalishamwacha. Mzee Amina akaupokea. "Baba, Mungu akuzidishie," bibi akasema. "Mwanangu ananiambia kila asubuhi mnamwombea. Na ile siku karudi mapema, akaniambia umempa ruhusa aniuguze. Nikasema, kumbe watu bado wapo."

Fundi alitazama sakafu. Alikuwa amemficha mama yake asiumie, na kwa hiyo akamsitiri na yule aliyemwaibisha. Mimi ningekuwa yeye ningemchana pale pale. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na sikuwa mimi niliyeshikwa mkono. Mzee Amina angeweza kusema Amina, akapokea baraka yake, akaaga. Bibi angejuaje?

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, sikumwombea," akasema. "Nilimsema. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, nikamsingizia Mungu maneno yangu. Ruhusa sikumpa. Aliondoka kwa sababu yangu."

Bibi akautoa mkono wake polepole, akaurudisha kifuani. Hapo ndipo Mzee Amina alipolia, mtu mzima, nami nikaona aibu kumtazama.

"Sasa mbona unaniambia mimi?" bibi akauliza. "Mwenyewe yuko nyuma yako."

Mzee Amina akageuka, bado yuko magotini, akamtazama Fundi usoni. "Nisamehe, dada. Nilikukosea, na nitalisema hilo mbele ya wote walionisikia. Rudi kazini. Uje ukishamaliza na mama. Ofisini nitasema mimi, na mpaka ufike, cherehani nitakaa mimi."

"Wewe unajua kushona?"

"Sijui."

Fundi hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alivuta beseni la maji karibu na kitanda, akakunja mikono ya gauni. "Mama hajageuzwa tangu mchana," akasema. "Shika mabega."

Mzee Amina akainuka, akajifuta machozi, akashika mabega. Mimi nikashika miguu.